Mambo ya Bunge: Mswada wa Maandamano na Mkulima wa Muguka

Katika mwaka 2024 Bwana Geoffrey Ruku, ambaye wakati huo alikuwa mjumbe wa Mbeere Kaskazini katika Bunge la Taifa, alipeleka Bungeni mswada wa kutengeneza upya sheria ya mikutano ya hadhara na maandamano. Mswada huo ulikuwa wake mwenyewe. Haukuletwa na Serikali. Katiba ya Kenya humruhusu mjumbe yeyote kuleta mswada, awe amekaa upande wa Serikali au upande wa upinzani, na baadhi ya sheria zinazotumika sana nchini zilianza hivyo hivyo, katika mkoba wa mjumbe mmoja.

Mawakili, vijana wa Nairobi na vyama vya kutetea haki waliuzungumza mswada ule kwa ukali. Lakini ni rahisi kwa mkulima wa Siakago au Ishiara, au karani wa chama cha ushirika kule Meru, kudhani kwamba jambo la maandamano ni la watu wa mjini wasio na ng'ombe wa kukamua asubuhi. Kudhani hivyo ni kosa. Katika mwaka ule ule wa 2024 mkulima wa Mbeere alijikuta katikati ya jambo hili kuliko kijana yeyote wa Nairobi, na lililomfikisha hapo ni jani la muguka.

Kwanza yafaa kueleza mswada wenyewe ulitaka nini. Mtu atakaye kuitisha mkutano wa hadhara au maandamano sharti ampelekee mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Taarifa hiyo itaje mwitishaji ni nani, na watu watakutana mahali gani na saa ngapi. Atakayevunja masharti angeweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa gerezani muda usiozidi mwaka mmoja. Msomaji aliyewahi kuandika barua kituoni ili kuomba ulinzi wa mkutano atatambua upesi kwamba sehemu kubwa ya masharti hayo si mageni. Hesabu ya siku 3 na siku 14 imo katika sheria inayotumika tangu zamani, na sheria hiyo hutaka pia mkutano uanze na kwisha kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Hoja ya wale wanaopenda mswada wa namna hii si ya kudharauliwa. Mwezi wa Juni 2024 watu waliandamana katika miji mingi ya Kenya kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, ambao mwanzoni ulitaka hata mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Maandamano yalifika Embu na Meru pia. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia sahihi mswada ule. Watu kiasi cha 60 walipoteza maisha katika maandamano ya mwaka huo, kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Hao ndio wa kuhesabiwa kwanza. Lakini walikuwako pia wenye maduka waliovunjiwa milango na kuibiwa mali, nao hawakuwa wamemkosea mtu. Mwenye duka la nguo au duka la dawa aliyekopa fedha za kununulia bidhaa hakujua amdai nani. Aliyetupa jiwe hajulikani, na mwitishaji husema waliovunja hawakuwa watu wake. Pengine ni kweli.

Mkulima naye ana hasara yake katika jambo hili, wala si ndogo. Miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere ni mazao yasiyongoja. Jani likinyauka limekufa, na mnunuzi hatalipa hata nusu ya bei. Barabara ya kwenda Nairobi ikifungwa kwa mawe na matairi yanayoungua pale Makutano au Thika, gari la miraa litasimama, na aliyeamka alfajiri kuchuma atapata habari jioni kwamba kazi ya siku nzima imekwenda bure. Kwa hiyo mkulima wa Meru au Embu akisema kwamba maandamano yapangiwe saa na njia, hasemi hivyo kwa kuwachukia vijana. Anasema kwa ajili ya mkoba wake.

Basi na itazamwe sura ya pili ya jambo hilo hilo. Tarehe 23 Mei 2024, mwezi mmoja kabla ya ghasia za Nairobi, Gavana wa Mombasa, Bwana Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku muguka: usiingizwe katika kaunti yake, usichukuliwe, wala usiuzwe. Kilifi ilifuata, kisha Taita Taveta. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya ya vijana. Wazazi wa pwani walikuwa wamelalamika kwamba muguka ni rahisi kununua, huuzwa hata karibu na shule, na watoto wao wanaharibika. Mbeere ikashtuka, kwa maana huko ndiko muguka unakolimwa kwa wingi, katika ardhi kavu ambayo kahawa na majani ya chai hayastawi. Ni zao ambalo mvua ikikosa mahindi hulipa ada ya shule.

Tarehe 27 Mei viongozi wa Embu walikutana na Rais, naye akasema amri za magavana hazina nguvu kwa kuwa zinapingana na sheria ya nchi: Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, pamoja na kanuni za miraa za mwaka 2023 ambazo zinautambua muguka. Wakulima walikwenda pia katika Mahakama Kuu ya Embu, nayo ikasimamisha utekelezaji wa marufuku kwa muda.

Hapa ndipo mswada wa Bwana Ruku unapomhusu mkulima. Mama wa Kisauni anayeona mwanawe anatafuna muguka badala ya kwenda shule ana haki ya kukusanyika na wenziwe na kuandamana hadi ofisi ya gavana ili muguka ukatazwe. Katiba katika kifungu cha 46 humpa mnunuzi haki ya kulindwa afya yake na kuelezwa ukweli wa anachouziwa. Mkulima wa Muminji au Evurore naye ana haki ya kukusanyika na wenziwe na kuandamana ili muguka usikatazwe, kwa kuwa ndio riziki yake. Hao wawili hawapatani hata kidogo, lakini haki wanayoitumia ni moja, na imo katika kifungu kimoja cha 37: kila mtu, kwa amani na bila silaha, anaweza kukusanyika, kuandamana, kugoma mlangoni pa kazi, na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Sheria itakayombana mama wa Kisauni itambana mkulima kwa kipimo kile kile.

Tena si kila mkulima anaweza kufika Ikulu. Mwaka 2024 viongozi wa Embu walifika, na wakasikilizwa siku chache tu baada ya amri ya Mombasa. Bei ya kahawa ikianguka kwa sababu ya udanganyifu kiwandani, au malipo ya bonasi ya majani ya chai yakipungua bila maelezo, wanachama huwa hawana mlango mwingine isipokuwa kukusanyika mbele ya kiwanda na kudai hesabu isomwe. Karani wa kiwanda hujua hofu ya siku kama hiyo, na pengine hujua pia kwamba hesabu husomwa vizuri zaidi baada ya siku hiyo.

Sheria inayotawala mikutano nchini Kenya ina umri mkubwa kuliko Jamhuri yenyewe. Ilitungwa mwaka 1950, wakati Sir Philip Mitchell alipokuwa Gavana wa Koloni, kama sheria ya usalama wa raia. Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa, na watu wa Embu na Meru waliwekwa pamoja na Wakikuyu chini ya masharti makali kuliko makabila mengine. Mwaka 1954 watu wengi walihamishwa kwa nguvu wakaishi katika vijiji vyenye ulinzi, na kutoka nje ya kijiji kulikuwa na saa zake. Juni 1955 Serikali ya Koloni ilipowaruhusu Waafrika kuunda tena vyama vya siasa, kila wilaya chama chake, ruhusa hiyo haikufika Jimbo la Kati. Huko liliruhusiwa baraza la ushauri tu, nalo la wale waliohesabiwa kuwa watiifu kwa Serikali.

Uchaguzi nao ulifuata njia hiyo. Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, wajumbe wanane. Kura hazikuwa sawa. Kwa mpango uliotokana na taarifa ya Bwana Walter Coutts, mtu mwenye elimu, mapato au utumishi wa miaka mingi aliweza kuwa na kura hadi tatu, na asiye na sifa hizo hakuwa na hata moja. Zaidi ya hayo, mtu wa Kikuyu, Embu au Meru hakuandikishwa mpaka awe na hati ya utii. Wakikuyu wengi walinyimwa hati hizo, na Wameru wengi zaidi walizipata. Matokeo yake ni kwamba Bwana Bernard Mate wa Meru alimshinda Bwana Eliud Mathu, ambaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo, mwaka 1944. Mwaka uliofuata, 1958, viti vya Waafrika vilipoongezwa, Bwana Jeremiah Nyagah wa Embu akaingia. Meru na Embu zilipata wasemaji wazuri. Hata hivyo waliwapata kwa hati iliyotolewa na mtawala, na mtawala huyo ndiye aliyeamua pia nani akutane na nani.

Wakoloni walipoondoka mwaka 1963 sheria ya 1950 haikuondoka nao. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya uhuru, mtu aliyetaka kufanya mkutano wa hadhara alihitaji leseni ya DC. Leseni ikikosekana, mkutano ulikuwa haramu, na aliyesimama kusema alichukuliwa na polisi. Wazee wa Embu na Meru walioishi miaka ya 1980 wanakumbuka kwamba mjumbe aliyekorofishana na wakubwa hakuweza kuhutubia watu wake mwenyewe. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, wajumbe wa pande zote mbili walipatana na kulibadili jambo hilo. Leseni ikafutwa, na mahali pake pakawekwa taarifa.

Tofauti ya maneno hayo mawili, leseni na taarifa, ndiyo kiini cha mjadala wote. Mwenye kuomba leseni hungoja jibu, na asipojibiwa hana mkutano. Mwenye kutoa taarifa hangoji: anampa polisi habari ili polisi wapange askari wao na njia za magari. Sheria ya sasa humwagiza polisi aandike taarifa katika daftari, na humruhusu kumkatalia mwitishaji ikiwa mtu mwingine ametangulia kutoa taarifa ya mahali pale pale na wakati ule ule. Polisi wanaweza pia kuuzuia au kuuvunja mkutano ikiwa kuna hatari iliyo wazi na iliyo karibu ya uvunjaji wa amani. Kwa maandishi, hayo ni masharti ya haki. Lakini mara nyingi huwa namna nyingine kituoni. Mwitishaji hupeleka barua, barua hupokewa bila kugongwa muhuri, na siku ya mkutano huambiwa kwamba mkutano wake haujulikani. Taarifa imerudi kuwa leseni, na hakuna mjumbe aliyeipigia kura.

Kwa hiyo kasoro ya mswada wa mwaka 2024 haikuwa katika kutaka taarifa. Mwananchi anayetaka kupita na watu elfu mbili katikati ya mji wa Embu hana sababu nzuri ya kuficha jambo hilo kwa polisi, wala kwa mwenye duka. Kasoro ilikuwa katika uzani. Mwitishaji aliwekewa faini na kifungo, lakini ofisa anayeikataa taarifa bila sababu, au anayekataa kuigonga muhuri, anatishwa na nini? Mswada ungeweza kusema kwamba ofisa akikaa kimya kwa siku moja taarifa imekubaliwa. Ungeweza kusema kwamba akikataa, lazima aandike sababu, na hakimu wa karibu aisikilize siku hiyo hiyo. Kwa maneno hayo mawili tu, mkulima wa Ishiara angekuwa na kitu cha kushika mkononi.

Jambo la fidia pia ni zito. Wajumbe kadhaa katika miaka iliyopita wamependekeza kwamba waitishaji walipe mali iliyoharibiwa. Mwenye duka hulisikia pendekezo hilo kwa furaha, na nani atamlaumu? Lakini mfano mmoja watosha. Wanachama 300 wa chama cha ushirika wanaandamana kwa utulivu, na vijana watatu wasio wanachama wanajiunga njiani na kuvunja kioo cha benki. Ikiwa katibu wa chama ndiye atakayelipa, hakuna katibu atakayetia sahihi taarifa tena, na wakulima watakutana bila katibu, bila taarifa na bila mtu wa kuwatuliza. Benki nayo itakuwa imepata hasara zaidi. Kanuni ya Adhabu tayari inatosha kumshika aliyevunja kioo, akipatikana. Na kumpata ni kazi ya polisi.

Mwenye kuutetea mswada anaweza kujibu kwamba haki zote zina mpaka, naye atakuwa amesema kweli. Kifungu cha 24 cha Katiba hukubali kwamba haki inaweza kupunguzwa kwa sheria, mradi upunguzaji uwe wa kiasi, wenye sababu, na usiwepo upungufu mdogo zaidi ambao ungefanya kazi ile ile. Swali la kuuliza kwa kila sharti ni hilo la mwisho. Je, ipo njia nyepesi kuliko hii? Bi. Esther Passaris, mjumbe wa wanawake wa Nairobi, alileta mswada mwingine mwaka 2025 wa kuzuia watu wasikusanyike karibu na Bunge kwa umbali wa mita 100, na swali hilo hilo liliulizwa kwa haki. Maombi yanayopelekwa kwa wenye mamlaka yana faida gani ikiwa mwenye mamlaka hawezi kuyasikia?

Bwana Ruku hakukaa Bungeni kuuona mwisho wa kazi yake. Machi 2025 Bwana Justin Muturi, naye mwana wa Mbeere, aliondolewa katika Baraza la Mawaziri, na Bwana Ruku akateuliwa kushika wizara ya utumishi wa umma aliyoiacha. Aliapishwa mwezi wa Aprili. Kiti cha Mbeere Kaskazini kikawa wazi, na mpaka siku anatoka mswada wake ulikuwa haujawa sheria. Tarehe 27 Novemba 2025 watu wa Nthawa, Muminji na Evurore walipiga kura, na Bwana Leo Wamuthende wa chama cha UDA akamshinda Bwana Newton Karish wa chama cha DP. Tofauti yao haikufika kura 500. Wazee waliokumbuka hati ya utii ya mwaka 1957 walipiga kura pamoja na wajukuu wao, kila mtu kura moja, na wala hakuulizwa kisomo chake wala mapato yake.

Kura 500 ni watu wa vijiji viwili au vitatu. Ni vema mjumbe mpya akumbuke hesabu hiyo, na wakulima wa muguka waikumbuke zaidi, kwa kuwa mjumbe aliyeshinda kwa kura chache husikiliza vizuri. Mswada wa mikutano unaweza kurudishwa Bungeni na mjumbe yeyote, kwa jina lile au jingine. Ukirudi, utasomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina lake tu, bila mjadala. Kisha utapelekwa katika kamati, na kamati hiyo inalazimika kwa kifungu cha 118 kuwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla wajumbe hawajaujadili. Tangazo hutolewa katika magazeti pamoja na siku ya mwisho ya kupokea maoni, na mara nyingi siku hizo ni chache. Karani anayesoma gazeti ofisini afanye wema wa kulikata tangazo hilo na kulibandika mlangoni pa kiwanda cha kahawa au sokoni.

Maoni huandikwa kwa Karani wa Bunge la Taifa, Nairobi. Hayahitaji wakili wala stempu ya mahakama. Mwenye kuandika ataje kifungu cha mswada anachokipinga au kukipenda, aseme sababu, na aeleze maneno gani yangefaa mahali pake. Asiyejua Kiingereza asiogope, kwa maana Katiba, katika kifungu cha 120, imeifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha za Bunge, na barua ya mkulima wa Siakago iliyoandikwa kwa Kiswahili sharti ipokewe na isomwe sawasawa na ya wakili wa Nairobi.